Ibn Khaldun: Kadhi aliyeipima habari kabla ya kuipokea

KILA sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru wenzetu bila ya kujua kisha tukajuta. Amri hii twaisoma mara nyingi, lakini twaitekeleza kwa nadra. Ujumbe huingia katika simu usiku ukiwa na jina la Mtume (S.A.W.) juu yake, na kufika asubuhi umekwisha kusambazwa kwa jamaa wote bila ya yeyote kuuliza umetoka wapi. Jina la mtu huchafuliwa mtaani kwa neno moja, na anayetaka ushahidi hujibiwa kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kwa sababu hiyo, leo tumechagua kuyatazama maisha ya mwanachuoni aliyeutumia umri wake kutufundisha kuwa si kila lisemwalo lipo, na kwamba madai hayako ya aina moja wala hayapimwi kwa mizani moja. Naye ni Abdurrahman bin Muhammad, maarufu kwa jina la Ibn Khaldun.

Nasaba na malezi yake

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis Mei 27, 1332, sawa na mwanzo wa Ramadhani mwaka 732 Hijria. Ukoo wake uliinasibisha asili yake na Hadhramaut, nchi ambayo familia nyingi za pwani yetu ya Afrika Mashariki nazo hujinasibisha nayo. Wazee wake walikaa Seville, katika Andalusia, kwa karne nyingi, wakahama kabla ya mji huo kuangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1248.

Hapa tayari tunaiona tabia ya mtu huyu. Alipoandika habari za maisha yake aliorodhesha mababu kumi kati yake na yule Khaldun aliyeingia Andalusia mwanzoni. Kisha yeye mwenyewe akaitilia shaka orodha hiyo. Muda uliopita tangu Andalusia kufunguliwa ulikaribia karne saba, na kwa kawaida karne moja huchukua vizazi vitatu, basi mababu walipaswa kuwa wapata ishirini. Akahitimisha kuwa bila shaka majina mengi yamepotea njiani. Ni wachache wanaothubutu kuihesabu silsila ya ukoo wao kwa namna hiyo. Aliipenda nasaba yake, lakini mapenzi hayo hayakumzuia kuihoji.

Alihifadhi Kurani, akasoma fiqhi ya madhehebu ya Imamu Malik, hadithi, lugha na mantiki. Mwaka 1349, akiwa na umri wa miaka 17, tauni kuu iliyoikumba dunia ya wakati ule iliwachukua wazazi wake wote wawili pamoja na wengi wa walimu wake.

Katika majumba ya wafalme

Kijana huyo aliingia katika utumishi wa watawala, kwanza Tunis na baadaye Fez. Huko Fez alituhumiwa kushiriki njama dhidi ya Sultani Abu Inan, akatiwa gerezani mwaka 1357 na kubaki humo kwa takriban miaka miwili, hadi sultani huyo alipofariki. Mwaka 1362 alivuka bahari kwenda Granada, na mwaka 1364 sultani wa huko alimtuma kuwa mjumbe kwa Pedro, mfalme wa Castile, aliyekuwa akikaa Seville. Mfalme huyo alimwahidi kumrudishia mali za wazee wake iwapo angebaki kwake. Ibn Khaldun alikataa kwa adabu akarejea kwa Waislamu wenzake. Baadaye alikuwa waziri huko Bijaya, kisha akawa mpatanishi kati ya watawala na makabila ya jangwani. Miaka hiyo yote aliona kwa macho yake jinsi habari zinavyotengenezwa ili kumpandisha mmoja na kumwangusha mwingine.

Kuna tukio la Fez ambalo yeye mwenyewe amelihadithia. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alirejea Morocco akiwa na visa vya maajabu vya mfalme wa India na utajiri wake. Watu wa baraza walinong'onezana kuwa ni mwongo, na Ibn Khaldun naye alielekea kuyaona hivyo. Alipomweleza waziri mmoja, waziri huyo alimwonya asikanushe jambo kwa sababu tu hajaliona, akampigia mfano wa mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Mtoto huyo hakupata kumwona mnyama yeyote ila panya, hivyo kila alipoelezwa habari za kondoo alidhani ni aina ya panya. Ibn Khaldun aliupokea mfano huo akauandika kitabuni. Alitambua kuwa kukanusha kila kigeni ni kosa lile lile la kuamini kila kigeni, kwani pande zote mbili hazikufanya uchunguzi. Nasi wa pwani tuna sababu ya kulithamini funzo hilo, kwa kuwa lau maneno ya msafiri yule yangetupwa yote, tungekosa ushuhuda muhimu wa Kilwa ya zama zile.

Muqaddima na mizani ya madai

Mwaka 1375, akiwa amechoshwa na siasa, alihamia na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi iitwayo Algeria hivi leo. Alikaa huko karibu miaka minne. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano tu, aliandika Muqaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia.

Ndani yake alieleza sababu zinazoingiza uongo katika habari. Miongoni mwazo ni ushabiki wa madhehebu au kundi, ambao humfanya mtu aipokee mara moja habari inayomfurahisha. Nyingine ni kumwamini msimulizi kupita kiasi, kutofahamu makusudio ya jambo lililoonekana, na kutaka kujipendekeza kwa wakubwa kwa kuwasifu. Kubwa kuliko zote, kwa maoni yake, ni kutojua maumbile ya mambo na hali za jamii za wanadamu.

Kisha akayagawa madai. Aina ya kwanza ni yale yanayobeba amri na makatazo ya sheria. Amri haiulizwi kama imetokea au haikutokea. Kinachoulizwa ni kama kweli imetoka kwa mwenye kuamrisha, na hilo hupimwa kwa uadilifu na uhifadhi wa wapokezi, kama walivyofanya maimamu wa hadithi. Aina ya pili ni habari za matukio. Hapa uadilifu wa msimulizi peke yake hautoshi. Lazima kwanza iulizwe kama tukio lenyewe lawezekana, kwani hata mtu mkweli huweza kukosea au kudanganywa, naye akalisimulia kosa kwa nia safi kabisa.

Mathalan, wanahistoria walinakili kuwa jeshi la Wana wa Israili pamoja na Nabii Musa (A.S.) lilikuwa la watu laki sita au zaidi wenye kuweza kubeba silaha. Ibn Khaldun hakukanusha miujiza ya Mitume. Alichokihoji ni idadi, ambayo Kurani haikuitaja. Aliuliza jeshi kubwa namna ile lingepangwa vipi vitani, ilhali upande mmoja usingejua yanayotokea upande wa pili. Akakumbusha kuwa dola ya Waajemi ilikuwa kubwa zaidi, na bado majeshi yake huko Qadisiya yalisemwa kuwa laki moja na ishirini elfu. Akauliza tena, vipi watu wapatao sabini walioingia Misri na Nabii Yaqub (A.S.) waongezeke kiasi hicho kwa vizazi vichache tu.

Mfano wa pili unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa unagusa tafsiri. Katika Sura ya Al-Fajr imetajwa Iram, yenye nguzo. Baadhi ya wafasiri walinakili kisa cha mji wa dhahabu na fedha uliojengwa na Shaddad katika jangwa la Aden kwa miaka mia tatu. Ibn Khaldun alisema kuwa misafara haikuacha kupita katika ardhi hizo, wala hakuna aliyeuona mji huo, na kwamba nguzo zilizotajwa zaweza kufahamika kuwa ni nguzo za mahema. Aya kwake ilikuwa haki isiyo na shaka. Kisa kilichobandikwa juu ya aya kilikuwa maneno ya watu, nacho kikapimwa kama yapimwavyo maneno ya watu. Hapo tunajifunza aina ya tatu ya madai, ambayo ni ufafanuzi wa mwanadamu juu ya andiko. Wengi wetu hudhani kuwa kuhoji ufafanuzi ni kuihoji aya, na kwa hofu hiyo huyapokea mengi yasiyo na msingi.

Kadhi wa Cairo

Mwaka 1382 Ibn Khaldun alihamia Misri, akafundisha katika msikiti wa Al-Azhar. Mwaka 1384 Sultani Barquq alimteua kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Mizani yake sasa ilitoka kitabuni ikaingia mahakamani. Alikuta mashahidi wasio waadilifu, hati zilizochezewa na watu waliojua njia za kubatilisha mali za wakfu kwa manufaa yao. Aliwabana wote, akakataa maombezi ya wakubwa, na kwa hayo akajipatia maadui wengi.

Katika msimu huo huo ulimfika msiba mzito. Merikebu iliyokuwa ikiichukua familia yake kutoka Tunis ilizama baharini, akawapoteza watu wake na mali yake. Mwaka 1385 aliondoka katika ukadhi, na mwaka 1387 akaenda kuhiji. Kwa jumla aliteuliwa kadhi mara sita.

Mwanzoni mwa mwaka 1401, Timur alipoizingira Damascus, Ibn Khaldun aliteremshwa kwa kamba kutoka ukuta wa mji akaenda kuonana naye. Amehadithia kuwa alikuwa na hofu, na kwamba alimsifu mshindi huyo kwa maneno makubwa. Yule aliyetuonya juu ya sifa wanazomwagiwa watawala alizitoa mwenyewe ili kuiokoa nafsi yake, wala hakutuficha. Basi hiyo ni aina ya nne ya madai, nayo ni sifa na lawama. Hizi humweleza msemaji na hali yake kabla ya kumweleza anayesemwa.

Kumpima yeye mwenyewe

Ingekuwa kinyume na mafundisho yake kama tungemsoma bila ya kumpima. Waafrika tunamshukuru kwa mambo mawili. Alizihifadhi habari za wafalme wa Mali kwa kuwauliza watu waliozijua, na alikanusha dai kuwa weusi wa ngozi umetokana na laana ya Nabii Nuhu (A.S.) kwa mwanawe Ham, akaeleza kuwa rangi hufuata joto la jua na hali ya nchi. Lakini katika kitabu hicho hicho aliandika maneno ya kuwadunisha watu wa kusini ya mbali, akiwafananisha na wanyama. Nchi hizo hakupata kuzitembelea, ilhali katika karne yake hiyo hiyo Kilwa ilikuwa na msikiti mkuu wa mawe na masultani waliopiga sarafu zenye majina yao. Alipokea neno kwa sababu lililingana na dhana za watu wa mji wake. Hilo ndilo kosa alilotuhadharisha nalo.

Mtoto wa Kiislamu anayekutana na maneno hayo asiambiwe kuwa ni kweli kwa sababu yamesemwa na mwanachuoni mkubwa, wala asiambiwe akitupe kitabu kizima. Afundishwe kupambanua hoja iliyosimama kwa ushahidi na hukumu iliyosimama kwa dharau.

Ibn Khaldun alifariki dunia Cairo, Machi 17, 1406, katika mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, akiwa bado kadhi.

Ndugu Waislamu, tuyafanyie kazi mafundisho haya majumbani mwetu. Inapotufikia habari tujiulize kwanza ni ya aina gani. Ikiwa ni amri ya dini, tutafute asili yake kwa wenye elimu ya hadithi. Ikiwa ni tukio, tuulize nani ameliona na kama lawezekana. Ikiwa ni tafsiri, tumjue mwenye kuifasiri. Ikiwa ni sifa au tuhuma juu ya mtu, tusiifikishe kwa mwingine mpaka ithibiti, kwani heshima ya Muislamu ni amana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mwanachuoni huyu, amsamehe alipokosea, na atujaalie tuione haki kuwa ni haki tuifuate, na batili kuwa ni batili tuiepuke. Amin.

Wabillahi tawfiq.