Alfonsina Strada, mwanamuke wa namba 72

Kila asubuhi, kwenye barabara inayotoka Kavimvira kuingia Uvira, kinga zinapita zimebeba makala, ndizi, unga na bidoni za mafuta. Anayesukuma ni mwanaume. Mwanamuke tukimwona juu ya kinga, mara nyingi amekaa nyuma, mtoto mgongoni. Leo tunasimulia maisha ya mama moja wa Italia ambaye mwaka 1924 alizunguka nchi yake kwa kinga pamoja na wanaume 89. Ndugu zetu walio ku mashimo ya Misisi na Kamituga watamwelewa upesi, juu hadithi yake ni ya kazi, ya malipo, na ya feza ya hopitali.

Jina la kuzaliwa ni Alfonsa Morini. Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu 1891, upande wa Castelfranco Emilia, karibu na muji wa Modena. Wazazi walikuwa wakulima maskini, watoto wengi mezani. Alipokuwa na miaka kama 10, baba yake alirudi nyumbani na kinga ya zamani, ameibadilisha na kuku. Kinga ilikuwa ya baba, lakini mtoto aliikamata na hakuiachilia tena. Watu wa kijiji wakamwita shetani mwenye sketi. Siku ya Mungu anaaga kwamba anaenda misa, kumbe anaenda kushindana. Mama yake alitaka awe mshonaji, na kweli alijifunza kushona, lakini roho ilikuwa ku magurudumu.

Akahamia Torino, muji ambako mwanamuke kupanda kinga haikushangaza watu sana. Mwaka 1909 alifika mpaka Saint-Pétersbourg, Urusi, kushindana, na inasimuliwa kwamba mfalme Nicolas II mwenyewe alimpa medali. Mwaka 1915 aliolewa na Luigi Strada, fundi wa kuchora juu ya vyuma. Zawadi ya ndoa bwana alimpa kinga mpya ya mashindano, yenye gidoni ya kuinama. Sisi tunajua wanaume wengi ambao wangempa bibi sufuria.

Wakati wa vita ya kwanza vijana wengi walikuwa jeshini. Mwaka 1917 Alfonsina akajiandikisha kwenye Giro di Lombardia, mashindano makubwa ya siku moja. Hakuna sheria iliyomkataza. Alifika wa mwisho, saa moja na nusu na zaidi nyuma ya mshindi, lakini alifika, na wengi walikuwa wameacha njiani. Mwaka uliofuata alirudi, na safari hii kulikuwa mwanaume nyuma yake.

Sasa tufike 1924, na hapa tunaomba wachimbaji wasome polepole. Giro d'Italia ni mashindano ya etapi nyingi yanayozunguka nchi, na yalikuwa ya gazeti la La Gazzetta dello Sport. Mwaka ule mabingwa, Girardengo na wenzake, pamoja na viwanda vyao vya kinga, waliomba walipwe mbele ya kuanza. Gazeti likakataa. Wakagoma. Ili Giro isikufe, gazeti likafungua mlango kwa mtu yeyote anayetaka kuja peke yake, bila timu. Likaahidi chakula na mahali pa kulala, likanunua hata kuku 600. Katika mlango ule ndimo Alfonsina alipita, miaka 33, namba 72. Katika orodha jina lake liliandikwa Alfonsin, bila herufi ya mwisho, na wengi wakafikiri ni mwanaume.

Je, alivunja mgomo wa wenzake? Mtu aliyewahi kukaa inje ya shimo akidai malipo, huku bosi anaingiza watu wengine, atauliza swali hili, na ana haki. Sisi tunajibu hivi: mabingwa walikuwa na kinga za viwanda, mafundi na mishahara. Yeye hakuna timu iliyowahi kumpa mkataba wa kukimbia na wanaume, hakuwa na kiti mezani ambapo mgomo uliamuliwa. Lakini gazeti nalo halikumpokea kwa upendo. Lilihitaji kitu cha kuuza kurasa, na mwanamuke katikati ya wanaume aliuza vizuri. Mambo yote mawili ni kweli.

Walitoka Milano tarehe 10 mwezi wa tano. Njia nzima ilikuwa kilometa 3,613 kwa etapi 12, na kati ya etapi siku ya kupumuzika. Etapi ya kwanza, mpaka Genova, ilikuwa kilometa 300: inapita safari ya kutoka Uvira kwenda Bukavu kwa mlima wa Ngomo na kurudi, tena siku moja. Barabara zilikuwa za vumbi na mawe, kinga nzito za chuma, na mpira ukipasuka unatengeneza mwenyewe. Alfonsina alifika Genova karibu saa moja nyuma ya wa kwanza, lakini wanaume wengi walikuwa nyuma yake. Siku baada ya siku ilikuwa hivyo: jioni mbali na washindi, asubuhi yupo tena ku mstari, wakati orodha ya waliobaki inapunguka.

Etapi ya 8, kutoka L'Aquila mpaka Perugia, kilometa 296, njo iliyomharibia. Mvua, upepo, matope. Akaanguka, goti likavimba, gidoni ikavunjika. Inasimuliwa kwamba alichukua mti wa fagio, akaufunga mahali pa gidoni, akaendelea. Nani ku barabara ya Fizi hajaona kinga imetengenezwa namna ile? Alifika Perugia, lakini saa iliyowekwa ilikuwa imepita.

Wasimamizi wakagawanyika. Wamoja walitaka arudi nyumbani, wengine walikumbuka kwamba watu walikuwa wanajaa barabarani kumwangalia. Wakaamua jina lake litoke kwenye matokeo, lakini akitaka anaweza kuendelea. Emilio Colombo, mkubwa wa gazeti, akakubali kulipa chakula na malazi yake. Akaendelea. Bila nafasi, bila zawadi ya mshindi, kilometa kwa kilometa sawa na wengine. Etapi ya kwenda Fiume ilipita kilometa 400. Alifika akilia kwa maumivu, na watu wakamshusha ku kinga wakambeba mabegani. Tarehe 1 mwezi wa sita aliingia Milano. Kati ya 90 waliotoka, wanaume 30 tu waliandikwa kwamba wamemaliza. Giuseppe Enrici alishinda. Alfonsina alimaliza njia ile ile, ila karatasi haikumwandika.

Feza ilitoka kwa watu. Michango na zawadi zilifika lire 50,000. Ilikuwa na kazi yake tayari: Luigi, yule bwana wa zawadi ya ndoa, alikuwa amegonjwa akili na amelazwa, na hopitali ilitaka kulipwa. Hakupona. Alikufa mwaka 1946, bado amelazwa.

Mwaka uliofuata Alfonsina aliomba tena kuingia Giro. Walimkatalia. Mabingwa walikuwa wamerudi, hawakumhitaji. Alishindana mahali pengine, akaonyesha kinga hata katika sirki, juu mtu anakula kila siku. Mwaka 1950 aliolewa na Carlo Messori, aliyekuwa pia mtu wa kinga. Wakafungua duka la kuuza na kutengeneza kinga Milano, na Carlo alipokufa mwaka 1957 aliendelea na duka peke yake. Italia ilikuja kuwa na Giro ya wanawake mwaka 1988 tu.

Uzee ulipofika, miguu ikachoka kukanyaga. Akauza medali zake, akanunua pikipiki ya Moto Guzzi. Tarehe 13 mwezi wa tisa 1959 alienda nayo kuangalia mashindano ya Tre Valli Varesine. Alirudi jioni, pikipiki ikamlemea mikononi, moyo ukasimama. Alikufa wakimpeleka hopitali, miaka 68.