AGGREY, MWALIMU WA WALIMU

Mtu aweza kuwa na cheti cha ualimu na bado asiwe mwalimu. Jambo hili huonekana kila mahali ambapo watoto huimba hesabu zao kama kasuku, kisha wakitumwa dukani washindwe kuhesabu chenji. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, yafaa tuyakumbuke maisha ya marehemu James Emman Kwegyir Aggrey, Mwafrika aliyeizuru Tanganyika mwaka 1924.

Aggrey alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alisoma katika shule ya misheni, na angali kijana mdogo akaanza kufundisha watoto wa vijijini. Mwaka 1898 alivuka bahari kwenda Marekani, akaingia Chuo cha Livingstone, chuo cha watu weusi huko North Carolina. Alipohitimu mwaka 1902 alibaki hapo kufundisha, na baadaye akawa pia mchungaji wa makanisa mawili ya shamba, akiwaelimisha wakulima maskini.

Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Phelps-Stokes, iliyochunguza elimu ya Waafrika. Safari ya pili ya tume hiyo, mwaka 1924, ndiyo iliyomleta Afrika ya Mashariki. Waliomsikia hawakusahau. Alitaka kueleza ushirikiano, akataja kinanda: vibonye vyeusi peke yake hutoa wimbo, na vyeupe vivyo hivyo, lakini wimbo kamili huhitaji vyote. Alitaka kumwamsha Mwafrika ajithamini, akasimulia habari za tai aliyelelewa pamoja na kuku hata akajidhani kuku, mpaka alipopandishwa mlimani, akalitazama jua, akaruka. Huo ndio ufundi wa mwalimu: kuanza na kitu akijuacho mwanafunzi, kisha kumfikisha asikokujua.

Tume ilipendekeza shule ya kijiji ihusike na afya, kilimo, ufundi na maisha ya nyumbani. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete, karibu na Nairobi. Walimu wenye uzoefu walifunzwa hapo pamoja na wake zao, kisha wakarudi wilayani kwao kuzitembelea shule nyingi ndogo, wakifanya kazi bega kwa bega na walimu wake. Hivyo mwalimu wa kijijini hakuachwa pweke na ubao wake.

Walikuwapo Waafrika walioishuku elimu hiyo, na shaka yao ilikuwa na haki. Mkoloni angeweza kuifanya kamba ya kumfunga mtoto wa Kiafrika kwenye jembe, huku vitabu vikubwa akiwawekea watoto wake mwenyewe. Wengine walimwona Aggrey mpole mno mbele ya watawala. Lakini maisha yake yenyewe yalikuwa jibu: mtu huyo aliyesifu kazi ya mikono alikuwa amesoma Kilatini na Kiyunani. Kwake jembe na kitabu havikuwa maadui.

Alirudi kwao kusaidia kuanzisha Chuo cha Achimota, akiwa makamu msaidizi wa mkuu wake, A. G. Fraser. Chuo kilifunguliwa rasmi Januari 1927. Tarehe 30 Julai mwaka huohuo Aggrey alifariki huko New York, asiyaone matunda. Kwame Nkrumah, aliyekuwa mwanafunzi huko Accra, alivutwa sana na mfano wake, akaenda kuongoza nchi ile mpaka uhuru mwaka 1957. Upole wa mwalimu haukumzuia mwanafunzi kuwa shujaa.

Je, mwalimu wa shule ya msingi ya Simbo, wilayani Kigoma, ajifunze nini hapo? Asingoje kinanda. Michikichi imo mashambani: chupa za mawese zifundishe vipimo, mafungu ya dagaa yafundishe kugawanya. Na akipata njia njema ya kufundisha, asiifungie kabatini; awaite wenzake waione, nao wamwonyeshe zao. Somo zuri lililojulikana na mwalimu mmoja hufa anapohamishwa; lililojulikana na wote huwa mali ya kijiji.

Wazazi nao wasipime shule kwa rangi ya kuta zake. Wamwulize mtoto jioni, si aliimba nini leo, bali alielewa nini.