Paul Revere: Sonara Nyuma ya Shairi

Wengi hulifahamu jina la Paul Revere kupitia shairi la Henry Wadsworth Longfellow lililochapishwa mwaka 1861. Humo tunakutana na mpanda farasi mmoja, usiku mmoja, anayewaamsha wakulima wa Massachusetts. Mhusika huyo na mtu mwenyewe hawalingani, kama vile sisi tusivyoweza kuapa kwamba Liyongo wa utenzi ndiye Liyongo wa historia.

Revere alibatizwa mjini Boston tarehe 1 Januari 1735. Babake, Apollos Rivoire, alikuwa Mprotestanti aliyehama Ufaransa, naye alimrithisha mwanawe kazi ya usonara. Mzee alifariki mwaka 1754, kijana akiwa hajatimiza umri wa kumiliki karakana kisheria. Mwaka 1756 akaingia jeshini, akawa afisa wa mizinga katika vita dhidi ya Wafaransa. Aliporudi alimwoa Sarah Orne, wakajaliwa watoto 8. Sarah alifariki mwaka 1773. Miezi michache baadaye Revere alimwoa Rachel Walker, naye akamzalia wengine 8. Kati ya hao 16, ni 11 tu waliofikia utu uzima. Kulisha nyumba kama hiyo si mchezo: alifua vijiko na birika za fedha, akachonga picha za kuchapishwa, hata akatengeneza meno ya bandia. Ni kwa jino alilompachika ndipo alipoutambua mwili wa rafiki yake, Dkt. Joseph Warren, aliyeuawa vitani mwaka 1775. Mwanawe mmoja aliitwa Joseph Warren.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 hakusafiri peke yake. William Dawes alipitia njia nyingine, na Samuel Prescott akajiunga nao baada ya Lexington. Revere alikamatwa na Waingereza, akanyang'anywa farasi, akarudi Lexington kwa miguu. Aliyefika Concord ni Prescott, ambaye shairi halimtaji.

Lakini jambo lililomchoma Revere zaidi ni la mwaka 1779. Alisimamia mizinga katika msafara wa Penobscot, uliovunjika vibaya mbele ya Waingereza. Katika purukushani za kurudi nyuma, Jenerali Peleg Wadsworth alimwamuru atoe mashua yake iokoe watu wengine. Revere akakataa kwanza. Alishutumiwa kwa uasi na woga, akaondolewa kazini. Mtu mwingine angenyamaza, aibu isahaulike. Yeye alidai mara kwa mara ashtakiwe katika mahakama ya kijeshi, hadi alipopewa kesi na kuondolewa hatia mwaka 1782. Kwa maoni yangu, kukataa kule hakukuwa na sifa. Ung'ang'anizi uliofuata ndio unaonifanya nimheshimu.

Vita vilipokwisha alijifunza kusubu chuma, kisha kengele za makanisa kuanzia mwaka 1792. Mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 66, alianzisha huko Canton kiwanda cha mabamba ya shaba, akihatarisha akiba yake yote. Kilifaulu, na mwaka 1811 akamwachia Joseph Warren, mwanawe.

Alifariki tarehe 10 Mei 1818. Miaka 42 baadaye Longfellow alilitunga shairi lake, bila kuigusa Penobscot. Mamake mshairi huyo alikuwa binti wa Jenerali Wadsworth.