Étienne-Jules Marey na Uchunguzi wa Mwendo

Miongoni mwa wataalamu ambao maisha yao yamfaa mwalimu wa shule ya msingi ni Étienne-Jules Marey, tabibu wa Kifaransa aliyezaliwa Beaune mwaka 1830 na kufariki Paris mwaka 1904. Wengi humtaja katika historia ya sinema. Sisi twamtaja kwa ajili ya swali moja alilolishughulikia kwa miaka mingi: mguu hupita wapi unapokwenda? Jicho huona kwamba umekwenda, wala halioni njia yake.

Kazi yake ya kwanza ilihusu mzunguko wa damu. Mnamo mwaka 1860 alitengeneza chombo cha kufungwa mkononi, ambacho kilichora mapigo ya mshipa yakawa mstari juu ya karatasi. Kutoka hapo aligeukia mwendo wa wanyama, na mwaka 1873 akatoa kitabu kilichosomwa hata Marekani. Huko, mwaka 1878, Mwingereza Eadweard Muybridge alipiga picha za farasi akikimbia kwa kamera 12 zilizopangwa safu moja. Picha hizo zilithibitisha jambo ambalo Marey alikwisha kulionyesha kwa vyombo vyake, yaani kuna nukta ambapo kwato zote nne ziko hewani.

Marey alizifurahia picha hizo lakini hazikumtosha, maana kila kamera ilikuwa mahali pake, na kupima umbali na wakati kwa hakika kulikuwa kugumu. Mwaka 1882 alibuni bunduki ya kupigia picha, 12 kwa sekunde. Baadaye akatumia kamera moja na bamba moja. Mtu aliyevaa nguo nyeupe alipita mbele ya banda jeusi, na kisahani chenye tundu kikazunguka na kuruhusu mwanga uingie kwa vipindi sawa. Hivyo hatua zote zilionekana pamoja.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Picha zikiwa chache, umbo lilionekana vizuri ila mwendo ulikatika. Zikiwa nyingi, zililaliana. Mguu wa mbele ulifunika wa nyuma, na bamba likabaki na doa jeupe lisilosomeka. Mnamo mwaka 1883 Marey alipindua mambo. Alimvika mtu wake nguo nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, kisha akabandika utepe mweupe kando ya mkono na mguu ulioelekea kamera. Mwili ulitoweka, ikabaki mistari tu, moja baada ya nyingine kama mbavu za jahazi. Alipoteza umbo, akapata mwendo. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kupita ile bunduki ambayo vitabu hupenda kuichora.

Tangu mwaka 1888 alitumia ukanda wa karatasi uliosogea ndani ya kamera, kila picha ikapata mahali pake, na umbo likarudi. Msaidizi wake Georges Demenÿ alitaka uvumbuzi huo ulete fedha. Marey hakuutaka mradi huo, nao wakaachana mwaka 1894.

Watengenezaji wa filamu za kompyuta leo hubandika alama zing'aazo juu ya nguo za waigizaji, kwa sababu ile ile. Programu zinazomfuata mtu pasipo alama hukutana na tatizo la Marey: mguu mmoja ukijificha nyuma ya mwingine, mara nyingi hukisia tu ulipo.

Darasani, zana zinazohitajika ni karatasi nyeupe, gundi na shati la rangi nyeusi. Mwanafunzi mmoja ainue mkono polepole, akisimama mara sita. Wenzake wauchore mkono mzima kila mara katika nafasi moja, bega likiwa pale pale. Ndipo vipande vya karatasi vibandikwe begani hadi kiwikoni, na kiwikoni hadi kifundoni, wachore mistari peke yake. Mwalimu asitangulie kuwaambia kwamba michoro ya kwanza itafunikana. Asubiri mpaka wao wenyewe walalamike.