JM, Mtoto wa Skwota

Ukipita Kabati-ini hapa kwetu Nakuru, kumbuka Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa huko mwaka wa 1929. Wazazi wake walikuwa maskwota kwenye shamba la mzungu. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi angalau siku 180 kwa mwaka, ndiyo aruhusiwe kulima na kufuga. Mtoto wa pale alijua mapema nani huita na nani huitika.

JM alisoma kidogo, karo ikakosekana, akaenda kufanya kibarua. Mwaka wa 1946 alishinda pesa kwenye mbio za farasi Nakuru, akarudi shule. (Hilo la kamari tusimwige!)

Halafu akaingia King's College Budo, Uganda, shule iliyoanzishwa 1906 kwa watoto wa machifu. Hebu fikiria: mtoto wa skwota darasani na watoto waliozoea kuhudumiwa! Nadhani hapo ndipo alipozoea kuongea na wakubwa bila kuinamisha kichwa. Kukaa na wadogo alikuwa ashajua, alilelewa nao. Hata miaka saba kizuizini, kambi 14, haikumvunja.

Baadaye alitajirika, akawa mbunge, akawa na shamba Gilgil. Farasi bado aliwapenda. Lakini hakuacha kuuliza mbona wachache wana ardhi tele na watoto wa maskwota hawana pa kulima. Machi 1975 aliuawa, mwili wake ukapatikana Ngong. Alizikwa Gilgil.