Maisha ya Louis Braille, Kipofu Aliyewapa Vipofu Herufi

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa mashariki ya mji wa Paris, kuna kijiji kiitwacho Coupvray. Huko alizaliwa Louis Braille, tarehe 4 Januari mwaka 1809. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa kushona matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu aliingia mahali pa kazi pa baba yake, akashika chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, kikamchoma jichoni. Ugonjwa wa jicho lile ukaenea hata jicho la pili, naye alipotimiza miaka mitano alikuwa kipofu kabisa.

Siku zile vipofu wengi waliishia kuketi njiani na kuomba. Lakini Louis alizungukwa na watu wema, nasi twataka kuwataja mmoja mmoja, kwa kuwa twaona ya kuwa kazi yake kubwa ilichipuka katika wema wao. Wa kwanza ni baba yake: alipigilia misumari ubaoni kwa umbo la herufi, ili mwanawe azijue kwa kuzipapasa. Wa pili ni Padre Jacques Palluy wa parokia ile, aliyemfundisha kwa upole mambo ya dini na ya dunia. Wa tatu ni Antoine Bécheret, mwalimu wa shule ya kijiji, aliyempokea darasani pamoja na watoto waonao, ingawa hakuwa na kitabu ambacho mtoto yule angeweza kukisoma. Kisha bwana d'Orvilliers, mkuu wa mahali pale, alisaidia apatiwe nafasi katika Chuo cha Vijana Vipofu mjini Paris. Akaingia chuoni mwaka 1819, mwenye umri wa miaka kumi.

Chuo hicho nacho kilizaliwa na huruma. Mwaka 1771 Valentin Haüy aliwaona vipofu wakifanywa mzaha mbele ya watu sokoni. Akahuzunika, na baadaye akaanzisha shule ya kuwafundisha. Vitabu vyake vilikuwa na herufi za kawaida zilizotutumka juu ya karatasi. Lakini vilikuwa vikubwa na vizito, na kuvisoma kulikwenda polepole sana.

Mwaka 1821 mwanajeshi wa zamani, Charles Barbier, alileta chuoni maandishi ya nukta za kupapaswa. Alitaka kuwafaa watu wasioweza kujifunza maandishi ya kawaida. Lakini kila alama ilikuwa na nukta hata kumi na mbili, nyingi mno kwa ncha ya kidole, nazo zilionyesha sauti tu, si herufi. Louis akaishika kazi ile. Akapunguza nukta mpaka sita, safu mbili za nukta tatu tatu, kidole kikazitambua mara moja. Mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa amekwisha kuitengeneza njia yake. Alipoitangaza kwa kitabu mwaka 1829, hakuificha fadhila ya Barbier.

Basi akawa mwalimu katika chuo kile kile, tena mpiga kinanda kanisani. Katika miaka ya 1840 mkuu mpya wa chuo aliikataza njia yake, lakini wanafunzi waliendelea kuitumia kwa siri. Mwaka 1844 ilionyeshwa hadharani, ikakubaliwa tena chuoni. Louis alikuwa amekwisha kushikwa na kifua kikuu. Akafa tarehe 6 Januari 1852, mwenye miaka 43. Mwaka 1854 ndipo Ufaransa ilipoikubali rasmi.

Baada ya kufa kwake lilionekana sanduku dogo aliloagiza lichomwe moto pasipo kufunguliwa. Ndani yake mlikuwa na hati za madeni ya watu aliowakopesha. Hakutaka mtu adaiwe.

Twajifunza nini? Louis alikuwa na akili nyingi, lakini akili ile ingalipotea kama kijiji kingalimwacha mlangoni. Palluy na Bécheret hawakubuni herufi hata moja. Walimfungulia mtoto mlango tu. Enyi waalimu na wazazi, yatupasa kukumbuka hayo kila tumwonapo mtoto aketiye nyuma ya darasa, au asiyeletwa shuleni kabisa. Hatujui ni kazi gani iliyolala katika mikono yake. Twajua tu ya kuwa yangoja mtu wa kuishika mikono hiyo.