Mohamed Amin: Mpigapicha aliyeionyesha dunia njaa ya Korem

Kwa miaka mingi mpigapicha wa studio katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita aliishi kwa picha za vitambulisho, harusi, mahafali na zile za wachimbaji wa dhahabu waliotaka kuwathibitishia ndugu zao nyumbani kwamba bado ni wazima. Ni kazi ya heshima, lakini jina la aliyeifanya halikuvuka mtaa.

Ukanda huo huo wa dhahabu ndio uliowafundisha Watanzania jinsi picha inavyoweza kuwa jambo zito. Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa katika eneo la Bulyanhulu, wilayani Kahama, yalizuka madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali iliyakanusha, na ofisi ya usuluhishi ya Kundi la Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2002, haikuona msingi wa madai hayo. Wanaharakati hawakuridhika. Sehemu ya mabishano ilihusu kanda za video: zilipigwa lini, zilipigwa wapi, na miili iliyoonekana ndani yake ilikuwa ya nani.

Miezi mitatu baada ya tukio hilo, Novemba 23, 1996, Afrika Mashariki ilimpoteza mtu aliyetumia maisha yake yote kuhakikisha kwamba maswali ya namna hiyo hayabaki bila majibu. Huyo ni Mohamed Amin, mpigapicha aliyeanzia kazi yake Dar es Salaam na ambaye wenzake walizoea kumwita Mo.

Amin alizaliwa Agosti 29, 1943, Eastleigh, jijini Nairobi. Baba yake alikuwa fundi mwashi kutoka Punjab, aliyekuja Afrika Mashariki kufanya kazi katika shirika la reli. Kazi hiyo ya reli ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam, Tanganyika, Amin akiwa bado mtoto, na hapo ndipo alipokulia na kusoma.

Kamera yake ya kwanza ilikuwa ya kisanduku, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na aliinunua kwa Sh40. Ilikuwa kamera rahisi kuliko zote za wakati huo, isiyo na marekebisho ya maana. Alijiunga na chama cha wapigapicha cha shule, akajifunza kusafisha filamu na kuchapa picha katika chumba cha giza. Angali mwanafunzi, alianza kupiga picha za mbio za magari za Afrika Mashariki na kuwauzia wenye magazeti.

Hapo ndipo tofauti yake na vijana wengine waliopenda kamera ilipoanza kuonekana. Amin alitambua mapema kwamba picha ni bidhaa inayooza haraka. Picha ya tukio la leo ikimfikia mhariri kesho kutwa haina bei, na mpigapicha aliyechelewa kwa saa moja ni sawa na ambaye hakwenda kabisa.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa takriban miaka 20, alifungua kampuni yake jijini Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Alibeba kamera ya picha za mnato kwa ajili ya magazeti na kamera ya filamu kwa ajili ya televisheni, na tukio moja aliliuza kwa wanunuzi wa aina zote mbili. Siku hizo hapakuwa na satelaiti ya kurushia picha kutoka Dar es Salaam. Filamu ilifungwa, ikapelekwa uwanja wa ndege na kusafirishwa hadi London, ambako ndiko ilikosafishwa na kuonyeshwa. Mpigapicha aliyeijua ratiba ya ndege alimshinda aliyejua kupiga picha tu.

Mwaka uliofuata historia ilimfuata mlangoni. Januari 12, 1964, yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na siku chache baadaye yakafuata maasi ya wanajeshi wa Tanganyika. Waandishi wa mataifa makubwa walilazimika kusafiri kutoka mbali, ilhali yeye alikuwa jirani na matukio, akiijua lugha na njia za mahali hapo. Picha zake za Zanzibar zilimfungulia milango ya mashirika ya habari ya kimataifa.

Zanzibar hiyo hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Alizipiga picha za kambi ambako wanajeshi walikuwa wakifunzwa na wakufunzi kutoka Urusi ya Kisovieti na Ujerumani Mashariki, jambo ambalo wakuu wa visiwa hivyo hawakutaka lionekane nje. Mwaka 1966 alikamatwa na kuwekwa katika gereza la Kiinua Miguu kwa karibu mwezi mmoja. Alipoachiwa, alifukuzwa nchini. Kijana aliyekulia Dar es Salaam alirudi Nairobi, mji aliozaliwa, akalazimika kuanza upya.

Nairobi haikumchelewesha. Jumamosi ya Julai 5, 1969, Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi wa Kenya, alipigwa risasi katikati ya jiji alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Amin alifika haraka, akapiga picha wakati jitihada za kumwokoa waziri huyo zikiendelea. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza.

Tangu hapo ilikuwa vigumu kutaja tukio kubwa la Afrika ambalo Amin hakuwapo. Aliripoti kupanda na kuanguka kwa Idi Amin wa Uganda, ambaye hakuwa na undugu naye. Mwaka 1980, dikteta huyo akiwa uhamishoni Saudi Arabia, Mohamed Amin na Brian Barron wa BBC ndio waliompata na kumhoji mbele ya kamera.

Hakuwa mtu wa vita na misiba peke yake. Alitoa vitabu vingi vya picha, vikiwamo cha safari ya Hija kilichochapishwa mwaka 1978 na kingine kuhusu Tanzania, nchi iliyokuwa imemfukuza. Vitabu hivyo vilikuwa sehemu ya hesabu zake za biashara: habari hulipa siku moja, kitabu hulipa kwa miaka. Tena alizihifadhi picha zake mwenyewe, jambo ambalo wapigapicha wengi wa zama zake hawakulifanya kwa sababu kazi zao zilibaki mikononi mwa waliowaajiri.

Hata hivyo, ni siku chache za Oktoba 1984 zilizoliweka jina lake katika historia ya dunia. Ethiopia ilikuwa na ukame na vita kwa wakati mmoja. Serikali ya Mengistu Haile Mariam, iliyokuwa imetoka kusherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake kwa gharama kubwa, haikupenda wageni waione njaa ya mikoa ya kaskazini. Vibali vya kusafiri vilitolewa kwa shida. Amin alitumia watu aliofahamiana nao kwa miaka mingi katika nchi hiyo, hadi akapata ruhusa ya kwenda Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk wa BBC.

Walichokikuta Korem alfajiri kilikuwa maelfu ya watu waliolala kwenye uwanda wenye baridi, wakisubiri chakula kisichowatosha. Watoto walikuwa wakifa mikononi mwa mama zao. Maiti zilikuwa zikifungwa kwa sanda na kupangwa kwa ajili ya maziko. Amin hakukimbiza kamera. Aliipitisha polepole juu ya nyuso za watu, akimwacha mtazamaji akutane nazo moja moja.

Taarifa hiyo ilionyeshwa na BBC Oktoba 23, 1984, na siku hiyo hiyo ikaonekana Marekani. Vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani viliirusha. Wanamuziki wa Uingereza walirekodi wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya Krismasi, wenzao wa Marekani wakafuata mwanzoni mwa 1985, na Julai 13 mwaka huo yakafanyika matamasha ya Live Aid London na Philadelphia, yaliyochangisha mamilioni ya dola. Serikali zilizokuwa zikijivuta zilituma ndege za chakula.

Mamia ya maelfu walikwisha kufa, na wengine waliendelea kufa. Lakini wapo waliopona kwa sababu chakula kilifika, na chakula kilifika kwa sababu watu waliona.

Sifa hizo hazikukosa wakosoaji. Kuanzia miaka hiyo hadi leo wapo wanaosema kwamba picha za Korem ziliizoeza dunia kumwona Mwafrika kama mtu wa kunyoosha mkono, na kwamba zilieleza ukame zaidi kuliko zilivyoeleza vita na siasa zilizoizidisha njaa. Hoja hiyo ina uzito. Picha huonyesha kilichopo mbele ya kamera, haionyeshi amri iliyotolewa ofisini. Lakini njaa ya Korem isingekoma kwa kutoonekana, na waliokuwa wakifaidika na kutoonekana kwake hawakuwa wale waliolala uwandani.

Amin alirudi Ethiopia mara nyingi, na nchi hiyo ikamdai gharama kubwa. Juni 4, 1991, siku chache baada ya majeshi ya waasi kuingia Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka jijini humo. Amin na wenzake walikwenda kupiga picha za moto huo, ukatokea mlipuko mwingine mkubwa. John Mathai, fundi wake wa sauti, alifariki dunia. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Kwa mpigapicha, hilo lingetosha kuwa mwisho wa kazi. Kamera ya televisheni ya wakati huo ilikaa begani na kuhitaji mikono miwili. Amin alipelekwa kwenye matibabu, akatengenezewa mkono wa bandia utakaomwezesha kuishika kamera, na baada ya miezi michache alikuwa kazini tena. Alikuwa na umri wa miaka 47 alipoumia.

Familia yake nayo ililipa sehemu yake. Mkewe, Dolly, na mwana wao wa pekee, Salim, waliishi na mtu ambaye sanduku lake la safari lilikuwa tayari wakati wote. Salim, aliyeirithi Camerapix, alishiriki baadaye kutengeneza filamu kuhusu maisha ya baba yake, iliyotoka mwaka 2006, ambayo haikuficha upweke wa mtoto aliyekua akimsubiri mzazi arudi.

Novemba 23, 1996, Amin alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Alikuwa pamoja na Brian Tetley, mwandishi waliyeshirikiana naye katika vitabu vingi. Watekaji watatu waliiteka ndege hiyo na kudai ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakumsikiliza.

Kwa mujibu wa walionusurika, Amin alisimama akawa anazungumza na watekaji hadi dakika za mwisho. Mafuta yaliisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa kisiwa cha Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Ajali hiyo ilipigwa picha za video na mtalii aliyekuwa ufukweni, na picha hizo zikaonekana duniani kote. Mtu aliyepiga picha za vifo vya wengi alikufa mbele ya kamera ya mtu asiye na taaluma hiyo.

Kazi zake hazikufa naye. Hazina ya Camerapix ina mamilioni ya picha, na mwaka 2021 maelfu kati ya hizo yaliwekwa kwenye intaneti ili yeyote azitazame. Humo yamo matukio ya Tanganyika na Zanzibar ambayo hayapatikani kwingine.

Leo wachimbaji wa Kahama na Geita wana simu zenye kamera mifukoni, na studio nyingi za zamani zimekosa wateja. Shimo likititia, picha husambaa kabla waokoaji hawajafika. Lakini mabishano ya Bulyanhulu yalionyesha kwamba wingi wa picha hauleti ukweli wenyewe. Picha huwa ushahidi pale inapojulikana ilipigwa na nani, wapi na siku gani, na pale aliyeipiga anapokuwa tayari kusimama nayo.

Mohamed Amin alisimama na za kwake. Ya Zanzibar ilimgharimu gereza na mji aliokulia, ya Addis Ababa ikamgharimu mkono na rafiki. Aliyeanza na kisanduku cha Sh40 mtaani Dar es Salaam hakuwa na nyenzo kuliko kijana wa Shinyanga wa leo mwenye simu. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kufika, na kutoondoka kabla ya kuona.